Kipanya cha Kukaa Nacho

Kwenye maduka ya vifaa vya kompyuta, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, vipanya huuzwa kwa namba. Boksi moja limeandikwa DPI 7200, la pembeni yake 12000, na muuzaji huzitaja namba hizo hata kabla ya bei. Mnunuzi huondoka ameridhika. Miezi michache baadaye kitufe cha kushoto kinabofya mara mbili kila kikibonyezwa mara moja, gurudumu linapandisha ukurasa pale linapotakiwa kuushusha, ganda limeanza kunata, na ikifika jioni kifundo cha mkono kinauma. Katika matatizo hayo yote, hakuna hata moja linalohusiana na DPI.

Anayetaka kipanya cha kukaa nacho miaka, au trakiboli, aanze na mambo mawili yasiyoandikwa kwenye boksi. La kwanza ni mkono wake mwenyewe: ukubwa wake, namna unavyoshika na kazi unayoifanya siku nzima. La pili ni vile vipuri vichache vinavyokufa kabla ya vingine. Akiyajua hayo mawili, mtu anaweza kusimama mbele ya kaunta dakika tano na kutenganisha kifaa cha kweli na plastiki iliyopakwa rangi.

Vifaa hivi ni vikongwe kuliko wengi wanavyodhani, na trakiboli ndiyo kaka mkubwa. Mwaka 1952, katika mradi wa jeshi la majini la Canada uliojulikana kama DATAR, wahandisi Tom Cranston, Fred Longstaff na Kenyon Taylor walichukua mpira wa mchezo wa bowling wa aina inayochezwa nchini humo, wakauweka juu ya vigurudumu, na mtu akawa anauzungusha kwa kiganja ili kusogeza alama kwenye skrini ya rada. Kipanya kilifuata mwaka 1964, kwenye taasisi ya utafiti ya SRI huko California. Bill English alitengeneza kwa mkono wazo la mwenzake Douglas Engelbart: kibao kilichochongwa ndani, magurudumu mawili ya chuma yaliyokaa kwa pembe mraba, na kitufe kimoja. Tarehe 9 Desemba 1968 Engelbart alikionyesha hadharani San Francisco, kikiwa na vitufe vitatu. Tangu hapo mtu amekuwa na njia mbili za kufanya kazi ileile: kukisogeza kifaa chenyewe, au kukiacha kitulie na kuzungusha mpira wake. Uchaguzi huo bado ndio wa kwanza, na unategemea zaidi meza na mwili kuliko mapenzi.

Tuanze na mwili. Urefu wa mkono hupimwa kutoka kwenye mstari wa kifundo hadi ncha ya kidole cha kati. Kwa makadirio, chini ya sentimita 17 ni mkono mdogo, zaidi ya 20 ni mkubwa, na wengi huangukia katikati. Kipanya kilichotengenezwa kwa mkono mkubwa humlazimisha mwenye mkono mdogo kunyoosha vidole muda wote ili afikie vitufe, na kule kunyoosha ndiko kunakochosha mishipa ya juu ya kiganja. Kinyume chake nacho ni kibaya: vile vipanya vidogo vya safari, vinavyouzwa pamoja na mikoba ya kompyuta mpakato, humkunja mwenye mkono mkubwa vidole vikawa makucha kutwa nzima. Baadhi ya watengenezaji wamelielewa hili. Logitech ilipotoa kipanya cha kusimama kiitwacho MX Vertical mwaka 2018, wenye mikono midogo hawakukifurahia. Mwaka 2022 ikatoa Lift, chenye umbo lilelile kwa mikono midogo na ya wastani, pamoja na toleo la wanaotumia kushoto. Toleo la kushoto ni heshima ambayo viwanda vingi havijawahi kuwapa wateja wao.

Kuna namna tatu za kushika. Wapo wanaolaza kiganja chote juu ya ganda. Hao wanahitaji mgongo mrefu uliopanda, unaojaza uwazi wa kiganja. Wapo wanaokunja vidole na kugusa ganda kwa nyuma tu. Wapo wanaoshika kwa ncha za vidole bila kiganja kugusa kabisa, na hao hupenda kipanya kifupi na chepesi. Hakuna namna iliyo sahihi kuliko nyingine, ila kila namna ina kipanya kisichoifaa. Kumtazama mtu akifanya kazi kwa robo saa bila yeye kujua kunatosha kujua yuko kundi gani. Wakiulizwa, wengi hawajui.

Mfano mzuri wa umbo lililousahau mkono ni kipanya cha duara ambacho Apple ilikitoa pamoja na iMac ya kwanza mwaka 1998. Kilipendeza machoni. Lakini kwa kuwa kilikuwa duara kamili, mkono uliokishika bila kutazama haukujua mbele ni wapi, na kishale kikaenda kombo. Kufika mwaka 2000 kilikuwa kimeondolewa sokoni. Somo lake bado linafaa dukani leo: kishikwe macho yakiwa yamefumbwa. Kikiwa kizuri, kidole cha shahada kitaangukia juu ya kitufe chake chenyewe, kidole gumba kitapata shimo la kupumzikia, na kidole cha mwisho hakitaburuzwa mezani. Hicho cha mwisho ndicho wanunuzi hukisahau, nacho ndicho huota sugu.

Vipanya vya kusimama vina hoja yake. Kiganja kikilazwa juu ya meza, mifupa miwili ya kigasha hujipinda mmoja juu ya mwenzake. Kipanya kilichoinuliwa, kama MX Vertical yenye mwinamo wa nyuzi 57, huurudisha mkono katika mkao wa mtu anayesalimiana kwa mkono. Miongoni mwa waliotangulia ni kampuni ya Evoluent ya Marekani, iliyoanza kuuza kipanya cha aina hiyo mapema miaka ya 2000. Kwa wengi nafuu huja haraka. Hata hivyo, wanaouza vifaa hivi kama dawa wanavuka mpaka. Mapitio ya utafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2018, kuhusu vifaa vya ofisini na maumivu ya shingo na mikono, yalikuta ushahidi unaopingana juu ya vipanya mbadala. Ganzi inayoshika kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku, inaweza kuwa dalili ya mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kifundo, na hiyo ni kazi ya daktari kabla haijawa ya duka.

Jambo jingine la mwili halihusu kipanya kabisa. Kibodi yenye namba upande wa kulia hukisukuma kipanya mbali, bega hufunguka, na mkono hufanya kazi ukiwa umenyooshwa saa nane. Fedha ya kipanya cha gharama inaweza kuokolewa kwa kununua kibodi fupi isiyo na sehemu hiyo ya namba. Mhasibu anayeingiza tarakimu siku nzima hawezi kuiacha. Mwandishi, mwalimu na mbunifu wanaweza.

Sasa ndani ya ganda, na hapa ndipo ubora unapojificha.

Chini ya kila kitufe kuna kiboksi cheusi au cheupe chenye urefu wa kama milimita 13, kiitwacho swichi ndogo. Ukikifungua kwa wembe, ndani utakuta ulimi mwembamba wa aloi ya shaba uliokunjwa, wenye nukta ya chuma kwenye ncha. Kitufe kikibonyezwa, ulimi huruka kutoka juu kwenda chini kwa mara moja, ukapiga nukta ya pili; ule mlio mkavu ni wa kuruka huko. Kila chuma kinapopiga chuma kingine hurukaruka kwa muda mfupi sana kabla ya kutulia, na chipu ya kipanya imefundishwa kupuuza mirukaruko hiyo kwa milisekunde chache. Nukta zikichakaa, zikishika uchafu au kutu, au ulimi ukilegea, mirukaruko huwa mirefu kuliko subira ya chipu. Hapo bonyezo moja huhesabiwa kuwa mawili. Dalili ya mapema zaidi si faili kufunguka lenyewe. Ni faili linalodondoka njiani wakati mtu analiburuza kutoka folda moja kwenda nyingine. Anayeliona hilo ajue swichi imeanza safari ya mwisho.

Watengenezaji huandika umri wa swichi kwa idadi ya mabonyezo: milioni 10, milioni 20, milioni 50. Swichi za Omron, kampuni ya Kijapani, ndizo zilizozoeleka kwenye vipanya vya bei ya kati na juu. Kailh na Huano za China nazo zina sifa njema kwa mafundi, na Kailh GM 8.0 imepewa umri wa mabonyezo milioni 80. Hesabu rahisi inaonyesha kwa nini namba hizo zisiaminiwe peke yake. Mtu anayebofya mara 5,000 kwa siku atahitaji siku 2,000, yaani zaidi ya miaka mitano, kumaliza milioni 10. Ilhali vipanya vingi huanza kubofya mara mbili kabla ya hapo. Sababu ni kwamba umri ule hupimwa kwenye mashine, katika hewa kavu na safi, huku kipanya cha kweli kikiishi kwenye vumbi, jasho na unyevu. Vipanya visivyo na waya huongeza shida nyingine: ili kuokoa betri hupitisha umeme mdogo mno kwenye swichi, na umeme huo hauna nguvu ya kuunguza ukoga mwembamba unaojengeka juu ya nukta.

Dawa mbili zipo. Moja ni swichi ya mwanga, ambayo haina nukta za kugusana. Kitufe hufungua njia ya miale badala ya kugonganisha chuma, kwa hiyo hakuna cha kurukaruka wala kushika kutu. Razer iliiweka kwenye kipanya chake cha Viper mwaka 2019. Ya pili ni fundi. Swichi ya kawaida ina miguu mitatu tu, na fundi wa simu mwenye pasi ya kuchomelea na mkono uliotulia huibadilisha ndani ya nusu saa kwa kipuri cha bei ndogo. Lakini ili aifikie, kipanya lazima kifunguke. Skrubu nyingi hufichwa chini ya vile vibandiko vya kuteleza vilivyo tumboni, na vikibanduliwa vibaya havirudi kukaa sawa. Kipanya kinachostahili kuitwa cha kudumu ni kile ambacho vibandiko vyake vya akiba vinauzwa, na kinachofungwa kwa skrubu badala ya gundi. Swali hili aghalabu haliulizwi dukani, nalo lina uzito kuliko lile la DPI.

Gurudumu ni kipuri cha pili kufa. Ndani yake kuna kifaa kidogo kinachohesabu mizunguko, na mara nyingi hesabu hiyo hufanywa na vijisahani vya chuma vinavyosuguana. Vumbi likiingia, hesabu huvurugika na ukurasa huruka kurudi nyuma. Magurudumu yanayosomwa kwa mwanga au kwa sumaku hustahimili zaidi. Dukani, gurudumu lishikwe kwa vidole viwili na kutikiswa kulia na kushoto: kucheza kidogo ni kawaida, kuyumba hapana. Kisha lizungushwe polepole, kituo kimoja kimoja. Vituo vyote vitoe upinzani uleule. Anayesoma hati ndefu au majedwali ya maelfu ya mistari atapenda gurudumu linaloweza kuachiwa lizunguke lenyewe, kama lilivyoanza kwenye MX Revolution ya Logitech ya mwaka 2006 na linavyoendelea kwenye MX Master za leo. Wengine hawalihitaji, na halifai kulipiwa bure.

Kipuri cha tatu ni ngozi ya kipanya, na hapa watu wa pwani wana sababu ya kuwa makini kuliko wa bara. Kwa miaka mingi vipanya vya bei kubwa vimepakwa utando laini unaofanana na mpira, mzuri kuugusa siku ya kwanza. Utando huo mara nyingi ni wa poliyurethani, kemikali ambayo huvunjwavunjwa na unyevu wa hewa, na joto huharakisha kazi hiyo. Katika nchi kavu na za baridi huchukua miaka mingi. Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Zanzibar, ambako jasho halikauki na hewa ina chumvi, kipanya kilichohifadhiwa kabatini bila kutumika kinaweza kutoka kikiwa kinanata na kushika kila unyoya. Kukifuta kwa kitambaa kilicholowa spiriti husaidia, kwa kuuondoa utando wote hadi plastiki iliyo chini. Kazi ni ya kuchosha, lakini kipanya hupona. Kwa mnunuzi wa pwani hukumu ni moja: plastiki ngumu yenye vinyweleo au mikwaruzo midogo ya makusudi hushinda utando laini, kila mara. Itang'aa pale vidole vinapokaa, na kung'aa huko hakuna madhara.

Waya hufa sehemu moja tu, pale unapoingia kwenye ganda. Pawepo shingo ya mpira laini inayopinda pamoja nao. Waya uliochomekwa kavukavu kwenye tundu hukatika ndani na kuacha kipanya kinachowaka na kuzima. Visivyo na waya vina maradhi yao. Kile kipokezi kidogo cha USB kikipotea, vipanya vingi vya bei nafuu huwa vimekwisha, kwa sababu hakiuzwi peke yake. Logitech ilitatua hilo kwa kipokezi cha Unifying mwaka 2009 na Logi Bolt mwaka 2021, ambavyo hubadilishwa na kuunganishwa upya. Kipanya chenye Bluetooth nacho huokoka. Na si kila kishale kinachorukaruka ni kosa la kipanya: milango ya USB 3.0 na flashi zake hutoa kelele ya redio katika masafa yaleyale ya gigahertz 2.4, kwa hiyo kipokezi kilichochomekwa jirani na diski ya nje husikia vibaya. Kukihamishia mlango wa upande wa pili, au kukisogeza kwa waya mfupi wa USB, kumewarudishia watu wengi vipanya walivyokuwa tayari kuvitupa.

Betri ya kubadilisha, ile ya AA, ni rafiki wa miaka mingi. Betri iliyojengewa ndani huchoka baada ya miaka kadhaa, na ikiwa haifikiki, kifaa chote hufa nayo. Apple ilikwenda mbali zaidi mwaka 2015 ilipoweka tundu la kuchajia tumboni mwa Magic Mouse, hivyo kipanya hakitumiki kabisa kikiwa kwenye chaji. Kwa wanaotumia AA, tahadhari ni moja: betri za bei rahisi huvuja zikiachwa, na maji yake hula springi. Zitolewe kipanya kinapokwenda likizo.

Na DPI? Inahitaji aya moja tu. Ni idadi ya hatua ambazo kihisi huhesabu kipanya kikisogea inchi moja. Skrini ya kawaida ina upana wa nukta 1,920. Kwa DPI 1600, bila programu kuongeza kasi, kishale huvuka skrini nzima kipanya kikisogea sentimita tatu tu. Kwa skrini ya 4K, yenye nukta 3,840, ni sentimita sita. Zaidi ya hapo mkono wa mwanadamu hauna utulivu wa kuitumia namba hiyo kwa kazi za ofisi, na namba kubwa kwenye kipanya cha bei ya kutupwa mara nyingi ni hatua zilizokisiwa na chipu, si zilizoonwa na kihisi. Jaribio la kweli ni kuchora mstari wa mshazari polepole kwenye programu ya kuchora: kihisi kizuri hutoa mstari uliotulia, kibaya hutoa ngazi na mitetemo.

Trakiboli inastahili nafasi yake, kwa sababu huku kwetu haijulikani sana ilhali inatatua matatizo yetu kadhaa. Haihitaji eneo la kusogea, kwa hiyo inafaa meza ndogo ya steshenari iliyojaa printa, mashine ya kulaminisha na karatasi za wateja. Haijali uso wa meza, iwe kioo au kitambaa. Mkono hutulia mahali pamoja, na bega hupumzika.

Kuna familia mbili. Ya kwanza huzungushwa kwa kidole gumba, kama Logitech M570 ya mwaka 2010 na mrithi wake Ergo M575 ya mwaka 2020, zenye mpira wa milimita 34. Hizi huzoeleka upesi kwa sababu umbo lake ni la kipanya cha kawaida na vitufe viko palepale. Udhaifu wake ni kwamba kazi yote huangukia kidole kimoja, na mwenye historia ya maumivu kwenye mzizi wa gumba asizikaribie. Familia ya pili ina mpira mkubwa katikati unaoendeshwa kwa vidole viwili au vitatu: Kensington Expert Mouse yenye mpira wa milimita 55, SlimBlade ya kampuni hiyohiyo, na Elecom Huge ya Kijapani yenye mpira wa milimita 52. Mpira mkubwa una uzito, hivyo hutulia pale unapoachwa na huruhusu miondoko midogo sana bila kukakamaa. Zile za Kensington zina umbo linalofanana pande zote mbili, kwa hiyo mkono wa kushoto unaweza kuupokea wa kulia katikati ya wiki. Kwa anayefanya kazi saa nyingi, hii ya pili ndiyo bora, ingawa siku za mwanzo huwa ngumu na kasi hupungua. Asijaribu kuizoea wiki ya kufunga hesabu.

Ubora wa trakiboli hupimwa kwenye vitu vitatu vidogo visivyoonekana mpaka mpira utolewe. Kwenye nyingi, mpira husukumwa kwa kalamu kupitia tundu la chini ukaruka nje, na ndani ya kikombe huonekana nukta tatu zinazoubeba, kila moja isiyozidi kichwa cha pini ya kushonea. Zikiwa za chuma cha kawaida huchakaa na kuacha sehemu bapa, na mpira huanza kukwama kabla ya kusogea. Zikiwa za rubi ya kutengenezwa, kama zile za Elecom Huge, au za kauri ngumu, hudumu. Kwenye modeli ya IST ya mwaka 2023 Elecom iliruhusu mtumiaji kubadilisha sehemu hiyo yote mwenyewe, achague rubi au vigurudumu vidogo vya chuma vinavyozunguka. Vya chuma huanza mwendo kwa wepesi zaidi ila hutoa sauti. Kampuni ndogo ya Canada, Ploopy, imekwenda hatua nyingine: michoro na programu za trakiboli zake ziko wazi, na mwenye mashine ya kuchapa vitu vya plastiki anaweza kujitengenezea ganda jipya.

Usafi ndio gharama ya trakiboli. Kuzunguka kila nukta hujengeka pete ya kijivu, mchanganyiko wa mafuta ya ngozi, vumbi na nyuzi za nguo, na mpira huanza kuwa mzito bila mtumiaji kujua ni lini ulibadilika. Pete huondolewa kwa kucha au kijiti cha meno, mpira hufutwa kwa kitambaa kikavu, na kifaa hurudi kuwa kipya. Katika ofisi yenye vumbi la barabarani kazi hiyo hufanywa mara moja kwa wiki. Asiyekubali sharti hilo abaki na kipanya.

Soko la bandia ni kubwa, hasa kwa majina yanayopendwa. Maandishi ya tumboni hufichua mengi: herufi zilizofifia, namba ya utambulisho inayofanana kwenye maboksi mawili ya jirani, nafasi ya kipokezi isiyokibana. Programu rasmi ya mtengenezaji ndiyo shahidi bora, kwa sababu kipanya cha kweli huitambulisha modeli yake kwenye skrini na cha bandia hakionekani. Uzito peke yake usimdanganye mtu. Baadhi ya watengenezaji wa bei ya chini hutia kipande cha chuma ndani ili kipanya kionekane imara mkononi, ilhali vipanya bora vya michezo vimeshuka chini ya gramu 65.

Kwa mwenye bajeti ndogo kuna njia ya uaminifu ambayo wauzaji hawaipigii debe. Kompyuta za mezani zilizotumika ofisini Ulaya na kuletwa huku kwetu huja na vipanya vya waya vya Dell na HP. Dell MS116, kwa mfano, ina DPI 1000, plastiki ngumu bila utando wowote, waya mzuri na umbo la kawaida linalofaa mikono yote miwili. Haina cha kujivunia kwenye boksi, na mara nyingi hata boksi haina. Ikikaguliwa vitufe na gurudumu kabla ya kulipiwa, huvishinda kwa umri vipanya vingi vipya vya bei ileile vinavyowaka taa za rangi saba.

Ukaguzi wenyewe una mpangilio. Kitufe cha kushoto kibonyezwe kwenye ncha, katikati na karibu na kiganja. Tofauti ya nguvu isiwe kubwa. Kisukumwe pembeni, kisigusane na mwenzake. Kipanya kitikiswe karibu na sikio, kisitoe mlio wa kitu kilicholegea. Kichomekwe kwenye kompyuta ya duka, na hapo faili liburuzwe polepole kutoka kona moja ya skrini hadi nyingine mara kadhaa, bila kudondoka. Muuzaji anayekataa kipanya kisichomekwe kabla ya malipo amekwisha kutoa jibu lake.

Wiki ya kwanza nyumbani ndiyo ya kumalizia jaribio hilo, kwa saa za kazi za kweli, risiti na boksi vikiwa vimehifadhiwa. Maumivu mapya yakianza kwenye gumba au kwenye kigasha, umbo halikufaa, na ni heri kukirudisha au kumpa mwenzako mwenye mkono wa saizi yake kuliko kuuzoesha mwili. Kikipita wiki hiyo salama, aina ya swichi zake itafutwe kwa jina na namba, na mbili za akiba zinunuliwe mapema, kwa sababu modeli hutoka sokoni upesi kuliko kipanya kizuri kinavyochakaa.